Tunawafundisha wageni 'polepole', wenyewe tunapanda mlima mbiombio

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro ilihesabiwa na wakazi wengi wa Dar es Salaam kuwa ni shughuli ya Wazungu. Mtanzania aliyeonekana mlimani alikuwa ama mwongozaji, ama mpishi, ama mpagazi aliyebeba mzigo wa mgeni kichwani. Hali hiyo imebadilika.

Leo katika vitongoji vya pembezoni mwa jiji, kuanzia Goba na Madale hadi Mbagala, si ajabu kukuta majirani, wafanyakazi wa ofisi moja au wanachama wa klabu ya mbio za asubuhi wakichangishana fedha mwezi hadi mwezi ili mwisho wa mwaka wakasimame katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Mabadiliko haya yana historia. Tangu mwaka 2002, kampeni ya Kili Challenge inayoendeshwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita imekuwa ikiwapandisha watu mlimani kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kufanya mazoezi, na klabu za kukimbia na kutembea zikazidi kuongezeka mijini. Mwaka 2022, akiwa Rais, alionekana katika filamu ya Royal Tour, na wito wa utalii wa ndani ukapata nguvu mpya. Aidha, makundi ya Watanzania yamejizoesha kupanda mlima huo kila Desemba kuadhimisha siku ya Uhuru.

Ni jambo la kujivunia. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliweka Mwenge wa Uhuru kileleni ili kutimiza maneno aliyoyatamka Mwalimu Julius Nyerere miaka miwili kabla. Mlima ule ulikuwa ishara ya taifa kabla haujawa bidhaa ya utalii. Mtanzania anapoupanda kwa fedha yake, anachukua kilicho chake.

Hata hivyo, furaha hiyo isitufanye tufumbie macho namna safari nyingi za wananchi zinavyopangwa. Swali la kwanza linaloulizwa katika vikundi vingi ni "bei gani?" na la pili ni "siku ngapi za chini kabisa?" Mfanyakazi ana likizo fupi, na fedha za mchango hazitoshi. Matokeo yake, safari inayonunuliwa mara nyingi ni ile ya siku tano kwa njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo fupi na ndiyo rahisi kwa mfuko.

Hapa ndipo penye tatizo, na hesabu yake haihitaji utaalamu. Tuchukue mfano wa mkazi wa Goba. Kitongoji hiki kinasifika kwa miinuko yake, lakini vilima hivyo havifiki hata mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mkazi huyo akianza safari ya siku tano, usiku wa kwanza atalala Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili atalala Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu atafika Kibo, mita 4,720, apumzike saa chache, kisha usiku wa manane aanze kupanda mita 1,175 nyingine hadi kileleni.

Miongozo ya kitabibu inayotumika duniani kwa wapanda milima inashauri kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya mapumziko. Kutoka Mandara hadi Kibo ni mita 2,000. Kwa kipimo hicho, zinatakiwa siku nne, mbali na ile ya kupumzika. Safari ya siku tano inatumia siku mbili.

Sababu ya tahadhari hiyo ni hewa. Kileleni shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la pwani, hivyo kila pumzi inaingiza mwilini takriban nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Dar es Salaam ameizoea. Mwili unaweza kujirekebisha kwa kupumua zaidi na kubadilisha kemia ya damu, lakini kazi hiyo inahitaji siku, na hakuna mazoezi yanayoweza kuifupisha.

Wengi hawalijui hili. Kijana anayekimbia kilomita 10 kila Jumamosi kati ya Goba na Tangi Bovu anaamini kwamba mapafu yake ni kinga. Mazoezi yanasaidia miguu na moyo, lakini hayamkingi mtu dhidi ya maradhi ya mwinuko. Mwenye nguvu huweza hata kuwa hatarini zaidi, kwa kuwa nguvu zake zinamfikisha juu kabla mwili haujawa tayari.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Zikionekana, mpandaji asiendelee kupanda hadi zipungue. Dalili za hatari ni kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata akiwa ameketi, au kikohozi chenye povu. Hizo ni ishara kwamba maji yanajaa katika ubongo au mapafu, na dawa ya kwanza ni kumshusha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku. Anayengoja jua lichomoze anaweza kuchelewa.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vingi vya wageni hulitaja kwa juu juu, wakati kwetu ni la msingi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, na watu wengi zaidi wamebeba kinasaba chake bila kuumwa. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kwenda katika miinuko hiyo. Aliyebeba kinasaba tu huweza kuishi maisha yake yote bila shida, lakini imeripotiwa kwamba hewa hafifu ya milimani huweza kuharibu bandama yake. Kipimo cha damu kabla ya safari kinapaswa kuwa cha lazima kwa kila kikundi kinachotoka katika nchi yetu.

Swali linalofuata ni kwa nini safari ya siku tano inauzwa kwa bei ya chini kiasi hicho. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa tozo kubwa za hifadhi kwa dola, kwa kila siku anayokaa mlimani. Mwananchi hulipa kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya gharama ya safari ya Mtanzania si tozo za Serikali bali ni watu na chakula chao, yaani mwongozaji, mpishi, wapagazi na usafiri.

Kwa hiyo, kampuni inapotangaza bei ya chini kuliko wenzake wote, punguzo hilo haliwezi kutoka katika tozo zilizopangwa na Serikali. Litatoka katika idadi ya siku, au katika ujira wa wapagazi, au katika chakula chao, au katika vyote vitatu. Anayenunua safari hiyo asijidanganye kwamba amepata bahati. Kuna mtu mlimani anayemlipia.

Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe hujiita 'wagumu', ndio nguzo ya kila safari. Kanuni zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo kwenye malango. Watetezi wao, ukiwamo mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, wamepiga kelele kwa zaidi ya miaka 20 kuhusu ujira duni, mahema yasiyotosha na mavazi yasiyofaa kwa baridi. Kwa kawaida kelele hizo zimeelekezwa kwa watalii wa kigeni. Sasa ni zamu ya wateja wa Kitanzania kujiuliza maswali yale yale.

Wanaoifahamu njia ya Marangu wanajua kwamba baada ya Horombo msitu na vichaka huisha, na mpandaji huingia katika nyanda kavu zilizo kati ya Mawenzi na Kibo. Hilo ni jangwa kamili, lenye mvua haba, jua kali mchana na baridi kali usiku. Kibo hakuna maji, hivyo kila tone linalonywewa pale limepandishwa na binadamu. Kikundi kinachobana idadi ya wapagazi ili kuokoa fedha kinabana pia maji yake chenyewe, mahali ambapo mwili unayahitaji kuliko kawaida.

Majira nayo yana uzito katika mpango. Miezi mizuri ya kupanda ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Desemba 9, siku inayopendwa na vikundi vya wananchi, mara nyingi huangukia mvua za vuli, ambazo juu mlimani hugeuka theluji. Siku hiyo ina heshima yake na hakuna sababu ya kuiacha, ila anayeichagua aende na koti lisilopitisha maji, nguo za akiba zilizofungwa vizuri, na siku moja ya ziada. Mtumba wa Karume unaweza kumvisha mtu vizuri sana, mradi asichague jeans na fulana za pamba, ambazo zikilowa hazikauki na hunyonya joto la mwili.

Mabadiliko ya hali ya hewa yameongeza ugumu. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilionya kuwa barafu ya maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda ikatoweka ifikapo mwaka 2050. Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliteketeza maeneo makubwa ya vichaka vya mlima huo. Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Mlima si picha ya ukutani. Anayepanga safari asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hadi asubuhi ya kuondoka.

Je, mkazi wa Goba mwenye likizo ya siku chache na mfuko wa kawaida akae nyumbani? La hasha. Jibu lililo karibu zaidi halizungumzwi sana kwa sababu halina sifa ya kilele cha Uhuru: nchi hii ina ngazi nzima ya milima ambayo mtu anaweza kuipanda hatua kwa hatua.

Ngazi ya chini ipo mlangoni mwa jiji, katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, ambako kikundi kinaweza kutembea siku nzima na kurudi jioni. Hapo ndipo viatu vipya vinapojaribiwa, na ndipo kikundi kinapojua nani hutembea kwa kasi gani.

Ngazi ya pili ni Uluguru. Tangu Juni 2024 treni ya kisasa ya SGR imeuleta mji wa Morogoro karibu na Dar es Salaam kwa safari ya chini ya saa mbili. Mtu anaweza kuondoka Ijumaa jioni, Jumamosi akapanda kuelekea Morningside au kilele cha Lupanga chenye zaidi ya mita 2,100, na Jumapili akawa nyumbani. Kusini zaidi, Udzungwa ina maporomoko ya Sanje yenye urefu wa takriban mita 170. Kaskazini, mabasi ya kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, jirani kabisa na Goba, humpeleka msafiri Lushoto, ambako vijia vya msitu wa Magamba hupita katika ubaridi ambao mtu wa pwani huwa anausikia tu.

Baada ya hapo ndipo huja Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, kisha Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, unaopandwa ukiwa na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Aliyepita huko na kuujua mwili wake unavyoitikia hewa hafifu ndiye aliye tayari kwa Kilimanjaro. Hata huko mbali, kwenye kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, mita 4,985, au Margherita ya Rwenzori, mita 5,109, ngazi ni ile ile.

Anayevutiwa na nchi kavu naye ana ngazi yake. Oldoinyo Lengai, volkano hai iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, ina mita 2,962 tu, lakini imewashinda wengi waliofanikiwa mahali palipo juu zaidi. Hupandwa usiku kwa sababu mchana joto la bonde la Ziwa Natron halivumiliki, na mteremko wake ni mkali kiasi kwamba kushuka ni kazi kuliko kupanda. Huko hesabu ya kwanza ni maji. Mtu mzima anayetembea kwenye joto kali anaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa, na hakuna kisima njiani.

Ndugu zetu walioko Oman wanaijua hesabu hiyo. Katika milima ya Jebel Akhdar na Jebel Shams, matembezi hufanyika hasa kati ya Oktoba na Machi, kwa sababu wakati wa kiangazi joto katika nyanda za chini hupita nyuzi 40. Lakini kinachoua huko si kiu peke yake. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu zaidi ya 15 nchini humo, wakiwamo wanafunzi. Makorongo makavu hujaa kwa muda mfupi kutokana na mvua iliyonyesha mbali. Mkazi wa Goba, anayeujua Mto Mbezi ulivyo mkimya wakati wa kiangazi na unavyofura wakati wa masika, hahitaji kufundishwa mara mbili kwamba hema halisimikwi katika njia ya maji.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawarudisha wananchi nyuma, na kwamba kuongeza siku ni kuongeza gharama, hivyo mlima utabaki wa matajiri na wageni. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna faida ya kuimba utalii wa ndani kisha kuufanya usifikike. Lakini kwa kuwa tozo ya mwananchi kwa siku ni ndogo, siku moja ya ziada Horombo humgharimu hasa ujira na chakula cha siku moja. Kikundi kinachochangishana kwa miezi kumi kinaweza kuchangishana kwa miezi kumi na miwili. Tofauti ni miezi miwili ya subira, na faida yake ni nafasi kubwa zaidi ya kufika na ya kurudi salama.

Yapo ambayo Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na waendesha safari wanaweza kuyafanya bila kuongeza tozo hata senti moja. Safari ya siku sita au zaidi ifanywe kuwa ya kawaida katika kila kampeni ya wananchi, na ile ya siku tano isinadiwe kwa watu wa pwani ambao hawajawahi kulala juu ya mita 3,000. Kila mkataba wa kikundi uoneshe waziwazi idadi ya wapagazi na ujira wao. Waajiri wanaodhamini wafanyakazi wao wawape na siku za kutosha, kwa kuwa kumlipia mtu safari kisha kumnyima siku mbili za likizo ni kumsukuma hatarini.

Kwa upande wake, mpandaji aulize kabla ya kulipa: mwongozaji ana leseni? Kuna chombo cha kupima oksijeni katika damu? Nani ataamua kumrudisha mgonjwa, na je, kikundi kimekubali kutopinga uamuzi huo? Bima inagharamia helikopta ya uokoaji, na imeandikwa? Asiridhike na majibu ya mdomo.

Duniani kote, kila aliyepanda Kilimanjaro hurudi kwao na neno moja la Kiswahili, 'polepole', alilolisikia kwa mwongozaji wake kutoka langoni hadi kileleni. Ni busara ya wazee wetu waliosema mwenda pole hajikwai, na imeokoa maisha ya maelfu ya wageni. Watanzania wanaojiandaa kwa Desemba ijayo wanastahili kuambiwa neno hilo hilo, tena mapema, wakati bado wanapanga siku na kuchanga fedha.